Jina Kwenye Pipa

12 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kitini, si umelala. Mama ameniambia homa ya mwezi uliopita ilikung'ang'ania kama mgeni aliyepoteza nauli. Nilipoona barua zangu mbili hazijajibiwa nikajua kweli unaumwa, maana wewe si mtu wa kunyamaza chupa ikiwa mezani. Mkaza mjomba msalimie sana. Mwambie gauni alilonishonea limesifiwa kazini hata na mhasibu, ambaye hajawahi kusifu kitu.

Sisi hatujambo. Goti la Mama bado linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mimi bado niko maabara ya idara ya maji: asubuhi nanusa maji ya mji mzima, jioni nanusa wiski ya watu wachache. Mama anasema siku moja nitachanganya, na watu watafungua mabomba wakiimba.

Sasa ya kwetu. Wiki hizi nimekuwa nikinywa wiski moja ya shayiri iliyolala kwenye pipa la zamani la mvinyo mtamu. Aliileta daktari wa meno, mwenyekiti wa chama chetu cha waonjaji, ambacho mimi ni katibu wake. Mwanzoni haina makuu. Ukiiacha kwenye glasi inaanza kuongea kidogo kidogo, kama mtu mwenye haya aliyezoea kikao. Kwenye shajara yangu niliandika: "zabibu kavu, ubao uliorandwa, kisha kitu ambacho sikukipatia jina." Kitu hicho kinaninyima raha. Nakuletea uniambie.

Kwenye boksi utakuta vichupa viwili vilivyokuwa vya dawa, nimevichemsha mwenyewe. Cha kwanza ndicho hicho. Cha pili ni mtego. Kanuni ni ileile: wewe unaandika ulichokuta, ndipo mimi nataja jina. Usikawie. Siku hizi nikionja bila kusoma maoni yako naona kama nimeonja nusu.

Mpwa wako


20 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa, najua. Homa imekwenda, imeniachia mwili mwepesi na mke mkali. Ananipangia saa za kulala kama mtoto wa chekechea. Kiwandani kwetu nimerudi. Mashine kubwa ya kuchapa bado inatafuna karatasi, na mwenye kiwanda bado anailaumu karatasi. Mkaza mjomba wako amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, kwa hiyo sebule yetu imejaa suruali zisizo na wenyewe.

Kichupa cha kwanza. Kinanukia shuka lililopigwa pasi likiwa bado na unyevu. Nyuma yake unakuja mkoba wa mwanamke aliyetoka arusini: poda, peremende, leso iliyofuta machozi kidogo. Ukikiacha zaidi unapata droo iliyofungwa muda mrefu, na ndani yake kipande cha sabuni. Kile ambacho hukukipatia jina nadhani ni nta ya uzi. Mshonaji huupitisha uzi kwenye nta ili usikatike. Nusa kidole chake baada ya hapo, utakikuta.

Kichupa cha pili ni Shemeji, ile wiski yetu ya kila duka. Mtego wa kitoto! Tulimpa jina hilo kwa sababu yumo katika kila nyumba na hakuna anayekumbuka kumwalika. Namjua hata akija na koti la mtu mwingine: chungwa mbele, biskuti katikati, na mwisho ule uvivu wake, anaondoka bila kumaliza sentensi.

Sina zaidi. Msalimie dada yangu na goti lake.

Mjomba wako


3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu na kusema goti limesikia salamu zako na halikujibu. Kazini mvua zimetuletea maji ya rangi ya chai, tunashinda tumeinamia mirija.

Mjomba, ni nta! Niliposoma barua yako nilitoka na viatu vya ndani mpaka kwa fundi cherehani wa mtaani, nikamwomba kipande cha nta yake. Alidhani nimechanganyikiwa. Nikakinusa palepale dukani, nikarudi nyumbani, nikanusa glasi. Kitu kilekile. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Miaka yote nimekusoma. Zamani uliandika "gundi, karatasi mbichi, wino mweusi," ukatia saini. Zilikuwa barua nzuri, sikatai, zilikuwa sahihi kama stakabadhi. Lakini hii ya sasa! Nimeisoma kwa sauti kwenye kikao cha Ijumaa. Nilipofika kwenye leso iliyofuta machozi, mwenyekiti aliweka glasi chini akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Watu wazima, mjomba, wananusa glasi tupu.

Ndiyo sababu ya ombi langu. Kila mwaka chama chetu huchagua pipa moja la wiski changa kwa mzee mmoja anayeitengeneza nje ya mji, kisha tunaliacha lilale hadi likomae. La mwaka juzi tulilichagua kwa ugomvi, na sasa lina ladha ya betri iliyolambwa. Safari hii mwenyekiti anataka mtu wa nje awe mwamuzi. Nikasimama. Nikasema, "Pua ya mjomba wangu haijawahi kudanganya." Wote wakakutaka wewe, isipokuwa yule tunayemwita Fundi Saa, ambaye haamini kitu mpaka akifungue kwa bisibisi.

Ni Jumamosi ya katikati ya Juni. Utalala kwetu. Sema ndiyo.

Nakuletea kichupa kimoja kingine, hiki hakina mtego.

Mpwa wako


9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Tuko wazima isipokuwa mguu wangu wa kushoto, ambao umeanza kusema maneno. Paa la jikoni linavuja na fundi amekuja mara mbili kulitazama kama mtu anayetazama picha. Kuku wetu mmoja amekataa kutaga ndani, anatagia kwenye kikapu cha vitambaa.

Kichupa chako ni moshi, lakini si moshi wa kuni. Ni moshi wa mshumaa uliozimwa sasa hivi. Chini yake kuna utosi wa mtoto mchanga aliyetoka kuoga, ukiwa bado na uvuguvugu. Mwisho unakuja uchungu mdogo, kama ule wa kuuma uzi kwa meno badala ya kutafuta mkasi. Ni mpole kuliko Hakimu, yule wetu mkali wa moshi anayemhukumu mtu kabla hajakaa. Huyu anasikiliza kwanza. Sijui jina lake, na nadhani hata wewe una furaha kwamba sijui.

Hayo ya kusafiri tutayaongea. Waambie wenzako nimeheshimika.

Mjomba wako


17 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Wote wazima. Pole ya mguu na ya paa.

Wiski ya kichupa kile imetengenezwa na mzee yuleyule wa mapipa, haijapewa jina bado. Sasa nadhani itaitwa Msikilizaji, kwa maneno yako.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta neno "ndiyo" na neno "hapana." Nimekuta kuku. Mjomba, nimewapa watu neno langu. Mwenyekiti kila Ijumaa ananiuliza, nami nasema, "Anajibu." Fundi Saa ameanza kuchekacheka. Juzi alisema mbele ya wote, "Katibu, huyo mjomba wako ananakili mahali. Mtu haandiki 'gundi, karatasi, wino' miaka yote halafu aamke mshairi." Nilimjibu vibaya. Lakini nilipofika nyumbani nilizitoa barua zako za zamani nikaziweka kando ya hizi mpya.

Hebu niulize kama mpwa, usikasirike. Wewe na pasi mmejuana lini? Mama anasema kabla hujaoa mashati yako yalifanana na ramani. Na utosi wa mtoto aliyetoka kuoga? Mama anasema wanao uliwabeba kama mabunda ya karatasi, mikono imenyooka mbele.

Kama hutaki kuja, sema hutaki. Kama kuna jambo, liseme. Wewe ukikaa kimya, mimi ndiye ninayekaa nao kila Ijumaa.

Mpwa wako


2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo. Leo sina salamu ndefu.

Sinusi kitu. Homa ile iliondoka na pua yangu na haijairudisha. Nilijua nikiwa kazini: dumu la mafuta ya kusafishia mashine lilipinduka, wenzangu wote wakakimbilia mlangoni wamejiziba nyuso. Mimi nikabaki nachanganya wino, najiuliza kama kuna kitu kinagawiwa huko nje. Daktari ameniangalia. Amesema huenda ikarudi, huenda isirudi, na akanipa dawa ya matone nadhani ili nisitoke mikono mitupu.

Kifurushi chako cha Januari kilipofika nilisubiri Jumapili mchana, nyumba imetulia. Nikamimina kichupa cha pili kwanza. Nikanusa. Glasi ilikuwa kama dirisha. Nikaonja: moto, kisha utamu, basi. Mkaza mjomba wako alikuwa kwenye cherehani, amenipa mgongo.

"Unamsubiri nani?" akauliza.

"Nafikiri."

"Huyo ni Shemeji. Hana cha kufikiriwa."

Niligeuka na kiti chote. "Umejuaje?"

"Nimejuaje!" Akauma uzi akaukata. "Umemleta Shemeji wako kitandani kwangu tangu mtoto wa kwanza hajatambaa. Nisimjue?"

"Wewe hujaonja hata tone maishani mwako."

"Nionje ya nini, na wewe unapumua?"

Mpwa wangu, niliweka glasi chini. Miaka yote nikirudi kutoka kwenye chupa zangu alikuwa akigeukia ukutani akinung'unika. "Leo umetoka na yule wa moshi." "Leo huyu mgeni, sijampenda." "Huyu wa leo ni mzuri, lakini atakuumiza kichwa." Na kweli kilikuwa kinauma. Nilidhani ni lawama za mke, nikawa nalala. Kumbe yeye alikuwa anasoma gazeti lote, mimi natazama picha.

Glasi haimwambii kitu. Anachana kipande cha kitambaa cha pamba nyeupe, anadondoshea tone, anakifumba kiganjani mpaka kipate joto la mwili, ndipo ananusa. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama vile nimeuliza sindano ina kazi gani. Amejifunzia kwenye shati langu. Anataka kitambaa, na anataka joto. Ile wiski yako ya pipa la mvinyo aliikalia siku nzima akiwa anapiga pasi sare. Akija na neno ananiambia, nami naandika. Nikipamba anakataa. Niliandika "machozi mengi," akasema, "Kidogo. Alikuwa anamwoza binti, si kumzika."

Kwa nini sikukuambia? Aibu, kwanza. Kuonja ndicho kitu pekee nilichokijua vizuri ambacho hakuna aliyeniajiri kukijua. Halafu niliogopa. Mtu hampelekei wiski mtu asiyenusa. Ungeniandikia habari za goti tu.

Basi, chama wasiambiwe. Wewe unajua, inatosha. Waambie mguu umekataa.

Mjomba wako


11 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Nilianza kukujibu kwa hasira, nikaichana. Nikaanza kwa huruma, nikaichana pia, maana najua ungeitupa.

Pole, mjomba. Pole sana. Ungeniambia Januari ningekuletea vichupa vilevile, na barua ndefu zaidi, kwa sababu sasa kumbe nyumba yenu ina waonjaji wawili na mimi nilikuwa nampelekea mmoja. Sijui nimwambie nini mkaza mjomba. Nimekula kwake, nimelala kwake, amenipima kiuno tangu nikiwa mtoto, na sikuwahi kumuuliza swali moja ambalo halihusu nguo au chakula.

Mguu wako nimeuamini. Lakini pipa bado lipo na Juni inakuja, na mimi niliwaambia nawaletea pua isiyodanganya. Ipo. Imo ndani ya nyumba yako. Muulize kama atakuja. Chama nitawaambia unavyotaka wewe: kwamba huwezi kusafiri, na kwamba umemtuma mkeo kwa niaba yako. Uongo huo siupendi, lakini nimekubali.

Mpwa wako


19 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimemuuliza. Amesema sare zinaisha mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo anaweza. Amesema hakai karibu na mtu aliyejipaka manukato. Amesema msimwite "mtaalamu." Mimi nabaki na kuku.

Mjomba wako


24 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Najua mkeo amekwisha kufika na najua hajakusimulia kitu, kwa hiyo nasimulia mimi.

Alishuka kituoni na mkoba mmoja na mfuko wa vipande vya pamba, vimekunjwa kama leso za hospitali. Mama alimpokea, wakazungumza magoti mpaka nikawatoa kwa nguvu. Tulikwenda kwa mzee wa mapipa kwa gari la mwenyekiti. Ghala lake ni refu, sakafu ya udongo, feni moja. Jambo la kwanza mkeo aliomba feni izimwe. Jambo la pili alimtazama mwenyekiti akasema, "Baba, samahani, wewe simama kule." Daktari wa meno alikuwa amejipaka manukato ya heshima kwa ajili ya mgeni. Akaenda kusimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

Mapipa yalikuwa matatu. Mzee alivuta wiski kwa mrija, akamimina kwenye glasi, akampa. Mkeo aliipokea kwa adabu akaiweka mezani. Akadondosha tone kwenye pamba, akafumba kiganja, akaanza kumuuliza yule mzee habari za mgongo wake. Wakaongea! Watu wanamtazama, yeye anaongea habari za mgongo. Halafu akafungua kiganja, akakileta puani mara moja tu.

"Huyu ni mzuri mbele ya wageni," akasema. "Wageni wakiondoka anakuwa mkimya na mkali."

La pili halikumchukua muda. "Hapa kuna aliyelala kabla. Siki." Mzee aliinamisha kichwa. Alikiri kwamba pipa lile alilipata kwa mtu wa achari, akalichoma ndani na kulisafisha, akaamini imetosha. Sisi sote tulikuwa tumelionja kabla yake, mjomba. Mimi niliandika "tunda bichi." Nimeifungia shajara yangu kabatini nisiione.

Hapo Fundi Saa akashindwa kuvumilia. "Mama, mbona huonji?"

"Kwani kwako chakula kikiungua jikoni, unajua mpaka uonje?"

Ghala zima lilicheka, na mwenyekiti kule mlangoni alicheka kuliko wote. Fundi Saa alikohoa, akaomba kipande cha pamba ajaribu naye. Mkeo alimpa, akamfumba kiganja kwa mkono wake, akamwambia, "Subiri. Usikifinye, si limau."

La tatu alikaa nalo. Alinusa, akaacha, akazunguka ghala akitazama paa, akarudi, akanusa pamba ileile ikiwa imekauka. Akasema: "Huyu ni kama chumba baada ya watoto kwenda shule. Mkate umebaki mezani, kitanda hakijatandikwa, dirisha liko wazi. Bado hajawa mtu. Lakini hana kinyongo. Mkimwacha, atakuwa mtu wa kukaa naye." Mwenyekiti alifuta miwani yake. Tukalichukua la tatu bila kupiga kura, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Sasa nifike pale ambapo sijalala vizuri. Yule mzee ana desturi: aliyechagua pipa huandikwa jina lake juu ya mfuniko kwa chaki, na mwisho wa Julai analichoma kwa chuma cha moto lisifutike. Mwenyekiti alichukua chaki, akasema, "Tunaandika jina la mwalimu, ambaye ametuma mkono wake wa kulia." Akaandika jina lako. Nilimtazama mkeo. Alikuwa anakunja vipande vyake vya pamba. Nami nilikuwa nimekuahidi, nikanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa na ladha mbaya kuliko lile pipa la siki.

Kituoni nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Mwache. Pua imemtoka, jina nalo limtoke?" Akapanda basi.

Nimetimiza ahadi yangu. Sitaki kuahidi tena kitu kama hicho.

Mpwa wako


8 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Dada yangu msalimie, na mwambie mgeni wake alirudi akimsifu kuliko alivyowahi kunisifu mimi.

Ulisema kweli, hakunisimulia kitu. Alifika, akavua viatu, akauliza kama kuku wamekula. Nikamuuliza habari za pipa. "Limepatikana," akasema, akaingia kuoga. Kwa hiyo barua yako ilipokuja nilimsomea kwa sauti, yeye akiwa anatia vifungo. Alijifanya hasikii. Nilipofika kwenye chumba baada ya watoto kwenda shule, mkono wake ulisimama. Nilipofika kwenye chaki, ukaendelea.

Mpwa wangu, nimeishi na mtu huyu muda wote huo nikidhani mimi ndiye mwenye kipaji na yeye ndiye mwenye subira. Nimesikia anachoweza kufanya kwa tone moja na kipande cha kitambaa, mbele ya watu asiowajua, bila kuinua sauti. Mimi hata pua yangu ikiwa nzima nisingeijua ile siki. Ningeandika "tunda bichi" kama wewe, maana nilikufundisha mimi.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, sikuifunga. Isome, kisha mpe mwenyekiti. Ni mistari michache: kwamba sinusi kitu tangu homa, kwamba kila neno walilolipenda ni lake, kwamba mimi nilishika kalamu, na kila nilipoipamba alinisahihisha. Naomba aisome Ijumaa, kwa sauti, wote wakiwepo. Fundi Saa atafurahi. Mwacheni afurahi, alikuwa karibu na ukweli kuliko nyote.

Mwenyewe aliniona naandika.

"Unataka watu wakucheke?"

"Wacheke."

"Na ile aibu yako uliyolala nayo tangu homa?"

"Nimechoka kulala watu watatu kitanda kimoja," nikamwambia.

Alicheka, nilimwona mabega. Halafu akasema wasiandike jina lolote, pipa ni pipa. Hapo ndipo sikumsikiliza, nawe usimsikilize. Kazini kwetu ukikosea neno unaomba radhi toleo lijalo. Ukikosea jina la mtu huombi radhi, unasimamisha mashine. Basi simamisha. Chaki inafutika kwa kitambaa kikavu. Futa langu, liandikwe lake, lile aliloitwa na baba yake, si "mke wa" mtu. Nenda mwenyewe, ulisimamie mpaka mzee atoe chuma motoni, kisha uniandikie kwamba limeshika.

Siku mtakapolifungua tutakuja wote wawili. Yeye atalinusa. Mimi nitalisoma jina.

Mjomba wako,
mshika kalamu